Umeshindaje?

Machi 3

Mvua imeingia leo bila kubisha hodi. Nilijisitiri kwa kinyozi, nikamkuta wakili amekaa na ubao wa sataranji mapajani, anangoja mtu wa kumwonea. Nikamfunga mara mbili kabla kinyozi hajamaliza kichwa kimoja.

"Bi Kiwembe," kinyozi akaniambia, "mimi nanyoa nywele, wewe unachuna ngozi."

Bi Kiwembe ni jina nililopewa na wasomaji wa safu yangu gazetini. Walidhani wananitukana. Nimelivaa kama mkufu.

Nilimfunga wakili kwa ule mwanzo ambao mimi na kaka yangu tunauita Kafara. Hatua ya nne tu, watu hawajatulia hata vitini, farasi wangu anavuka na kula kitunda kilicholindwa, kete duni kuliko zote. Analiwa hapohapo. Nimetoa farasi mzima kwa kitunda kimoja, na hata anayejifunza mchezo leo ataona kwamba hiyo ni hasara. Kisha vitunda vyangu viwili vya katikati vinaanza kutembea, na kila kimoja kikisogea kinamfukuza farasi wake mmoja. Mtu mwenye mchana mzima wa kufikiri atatulia, atanila nyama, atatafuna na mifupa. Lakini sisi tunacheza dakika tano kwa kila mtu, saa ya nyuso mbili inagonga pembeni, na mtu aliyepewa zawadi asiyoielewa huingiwa na hofu.

"Hii ni nini?" wakili aliuliza, farasi wangu mkononi.

"Zawadi."

"Wewe na zawadi wapi na wapi?"

Swali hilo lilimla dakika nzima. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Hawakusema kwamba kwenye mchezo wa dakika tano, njia fupi ndiyo inayotakiwa.

Machi 4

Kwa kaka, dukani, jioni. Kaka yangu ni mfamasia. Duka lake la dawa liko chini, yeye na wifi wanaishi juu yake, na ubao wetu unakaa mwisho wa kaunta, karibu na mizani ambayo siku hizi anapimia tu uzito wa watoto. Alinipokea kama anavyonipokea tangu hajaoa:

"Umeshindaje, mdogo wangu?"

"Nimeshindwa salama, kaka."

Tukacheka. Utani umechakaa kama zulia la mlangoni, lakini bila kuukanyaga sijaingia.

Nilimchezea Kafara. Huwa namchezea Kafara, na huwa nashindwa, kwa sababu yeye peke yake katika watu wote ninaowajua hana hofu na zawadi. Alimla farasi wangu kama mtu anayepokea kikombe cha chai. Kitunda changu kikamfukuza farasi wake wa kwanza, akamweka kando ya mfalme. Kitunda cha pili kikamfukuza farasi wake wa pili, naye akamrudisha mpaka nyumba aliyoanzia. Hapo ndipo wengine wote huanguka. Wanaona haya kumrudisha farasi alikotoka, wanatafuta ushujaa, nami nawameza.

"Kurudi nyumbani si kushindwa," alisema, kama anavyosema kila mara, na ndipo akasogeza kitunda cha malkia wake hatua mbili. "Kwanza farasi, kisha kitunda. Ukigeuza, umeliwa."

Katikati ya mchezo aliwahudumia wateja wawili. Sheria yetu ya zamani inasema mteja hasimamishi saa. Aliitunga mwenyewe, kwa kiburi, maana hata akihesabu vidonge anaweza kunifunga. Na alinifunga.

"Tena usiite kafara," alisema akipanga kete. "Kafara hutolewa kuondoa balaa. Wewe unaialika."

"Basi niite nini?"

"Chambo. Na mvuvi ana njaa kuliko samaki."

Wifi alikuwa kwenye kiti chake kirefu, kiwiko kwa kiwiko na mumewe, anapokea kila bahasha ya dawa na kumkabidhi mteja. Siku hizi habanduki pale. Anaipenda droo ya pesa yule mwanamke.

Machi 7

Mvua. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

Machi 12

Mhariri amefurahi. Vita vyangu na daktari mmoja, msomaji wetu, vimejaza ukurasa wa barua. Mimi niliandika kuhusu muuguzi wa hospitali moja aliyemchoma mgonjwa sindano isiyo yake, nikataka atajwe jina na asiguse mgonjwa tena maisha yake yote. Daktari akajibu kwamba makosa huzaliwa na uchovu, tutazame zamu badala ya mtu. Leo nimemjibu. Sentensi ya kwanza huwa natoa farasi: nasema jambo zito kupita kiasi, ambalo mwenyewe nikibanwa siwezi kulitetea, na yeye akilikimbilia kulikanusha nakuwa nimeshapita katikati. Nimeandika: "Mkono usiojua unachokifanya hauna haki ya huruma."

Mhariri alinipigia simu kuisoma sentensi hiyo kwa sauti, mara mbili.

Machi 17

Nimemfunga kaka.

Naiandika tena niione: nimemfunga kaka, kwa Kafara, mchana kweupe. Alimla farasi, akamweka farasi wake wa kwanza kando ya mfalme, vizuri kabisa, kisha badala ya kumrudisha wa pili nyumbani akasukuma kitunda cha malkia. Nilitazama ubao nikidhani kuna mtego. Hapakuwa na mtego. Nikamla farasi wa pili akiwa amesimama pale kama mgeni aliyesahaulika sebuleni. Mengine yalijimaliza yenyewe.

"Nimeteleza," alisema.

"Sema nimekushinda."

"Umenishinda kwa kuwa nimeteleza."

"Kaka, hata aliyeteleza huwa ameanguka."

Alicheka. Wifi hakucheka. Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua bila kufungua mwavuli.

Machi 18

Nimemsimulia kinyozi. Amesema atanitundika picha ukutani, karibu na ile ya mitindo ya nywele.

Machi 20

Nimemfunga tena. Kosa lilelile.

Machi 21

Tena.

Machi 24

Mara tatu leo. Raha imepungua, kama chai iliyorudiwa kuchemshwa. Nilimwuliza kama ananiachia. Alinitazama kwa mshangao ambao hauwezi kuigizwa, angalau na yeye, ambaye tangu utotoni akidanganya masikio yanamcheza.

Kinachonisumbua si kwamba anacheza vibaya. Hachezi vibaya. Hatua anazocheza ni zilezile alizonifundisha, zote sahihi, hakuna hata moja iliyopotea. Zimegeuzwa tu. Kitunda kwanza, kisha anamtafuta farasi wa kumrudisha, na farasi hayupo.

Machi 29

Nilifika dukani mapema, kaka yuko juu amelala. Wifi alikuwa anapanga chupa, nikamwambia kwa utani kwamba mume wake amezeeka, nitamtafutia mpinzani mwingine.

"Unakuja kila siku kumfunga," alisema bila kugeuka. "Imekufurahisha?"

"Wifi, ni mchezo."

"Najua ni mchezo. Mimi sijasoma vitabu vyako, lakini mchezo naujua. Mtu akicheza na wewe miaka yote asishinde hata siku moja, halafu ghafla anashinda kila siku, wewe ungeuliza nini?"

"Ningeuliza amejifunza nini."

"Hivyo ndivyo ulivyojiuliza?" Sasa aligeuka. "Mwenye macho haambiwi tazama, wifi yangu. Ila wewe macho yako yako gazetini."

Nilitaka kumjibu. Ninajulikana kwa kujibu. Nikaona kitambaa mkononi mwake kinafuta chupa ambayo tayari ilikuwa inang'aa, na ndipo nikaelewa kiti kile kirefu. Hakai pale kwa ajili ya droo. Kila bahasha inayotoka mkononi mwa kaka huisoma kabla haijamfikia mteja. Nilimwona akifanya hivyo mwezi mzima, nikamwita mchoyo.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu kabla ya mvua. Aliweka funguo kwenye jokofu, akanitukana kwamba nimezificha. Hajawahi kunitukana."

"Amekwenda kwa daktari?"

"Mwambie wewe aende. Wewe ndiye unayejua kuwaambia watu."

Machi 30

Sikwenda. Nilijiambia ni mvua.

Aprili 2

Nimefanya leo jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya ubao: nimecheza ili nipoteze.

Niliwaza hivi. Kafara ni mchezo mbovu. Uko mbovu wenyewe, hauhitaji msaada wangu. Ukiachwa tu uende, unajiangusha. Basi nitatoa farasi, kisha nitasogeza vitu ovyo, naye atanifunga, nami nitasema, ona, alikuwa amechoka tu, ni hali ya hewa. Nikatoa farasi. Nikampa na ngome. Nikamweka malkia wangu mahali ambapo kipofu angempapasa. Kaka akatazama ubao muda mrefu, mkono umening'inia juu ya kete, ukienda kwa hii, ukirudi, ukienda kwa ile, mpaka kibendera cha saa yake kikaanguka, muda wake umekwisha.

Nilishindwa kushindwa.

Nimekaa hapa mezani na maneno hayo mawili. Lugha yetu ina ukatili wake. Neno moja linabeba mtu aliyepigwa na mtu asiyeweza, na leo katika chumba kile tulikuwamo wote wawili, kila mmoja ameshindwa kwa namna yake, na ubao unasema mimi ndiye mshindi.

Aprili 5

Mvua mchana kutwa. Daktari wa gazetini amejibu. Sijaisoma.

Aprili 7

Wifi ana jino linamwuma, amekwenda kung'oa. Alinipigia simu niende nikakae dukani. "Kaa kwenye kiti changu," alisema. Nilielewa.

Nilikaa. Nilisoma kila bahasha, nikijifanya natafuta miwani. Zote zilikuwa sawa, mwandiko wake uleule ulionyooka, na moyo ukaanza kushuka mahali pake. Alasiri kaka akaleta ubao mwenyewe.

"Leo nakufunga, mdogo wangu. Nimeota."

Alikuwa na uso wa zamani. Nilitaka sana anifunge. Sijawahi kutaka kitu katika mchezo huu kama nilivyotaka hicho; angenifunga mara moja tu, kwa mpangilio wake, nisingelazimika kumwambia mtu lolote. Nikatoa farasi. Akala. Akamweka farasi wa kwanza kando ya mfalme. Mkono wake ukaenda kwa farasi wa pili, ukasimama juu yake.

Fundi cherehani wa jirani akaingia, anakung'uta mvua mabegani, na cheti chake kutoka hospitali. Wamembadilishia dawa ya sukari.

"Endelea na vita vyako, Daktari," akamwambia kaka kwa jina analoitwa na mtaa mzima, "mimi sina haraka, suruali zina haraka."

Mteja hasimamishi saa. Kaka akageuka, akahesabu vidonge, akaandika bahasha, na saa yake ikigonga, naye akiitupia jicho. Mimi nilikuwa natazama yule farasi. Bahasha ikapita mbele yangu.

Kaka akarudi, akasukuma kitunda.

Aprili 9

Fundi ameanguka.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimepita kuchukua mwavuli nilioacha dukani. Cherehani yake iko barazani, ukuta mmoja na duka, na sauti yake tumeizoea kiasi kwamba hatuisikii, tulisikia iliponyamaza. Kisha kishindo. Nilimkuta kando ya kiti, jasho limemlowesha kama aliyetoka mvuani, macho wazi lakini hayamwoni mtu, na kitambaa bado kimebanwa chini ya sindano.

Kinyozi alikuja mbio na kikombe cha maji. Kaka akampiga mkono kikombe kikamwagika.

"Si maji. Sukari. Imemshuka."

Nataka kuandika vizuri alichokifanya. Alipiga magoti, akamgeuza fundi ubavu, akaondoa nyuzi mdomoni mwake, maana alikuwa amezishika kwa meno, akachovya kidole kwenye sukari aliyoleta wifi na kumsugua ndani ya fizi, kidogo, kisha tena, akimwita kwa sauti ya chini. Hakugeuza kitu. Kila jambo lilikuja kwa zamu yake. Fundi alipoanza kupepesa, kaka aliinua uso akamwuliza wifi:

"Amekunywa dawa gani?"

Wifi alinitazama mimi.

"Ya sukari, mpya," nikasema.

"Na kampa nani bila kumweleza?" kaka akauliza, amekasirika kweli, hasira safi ya mtu wa kazi yake. "Watu hawa wataua mtu."

Kinyozi alileta gari la mteja wake, tukampakia fundi. Wakati namwinua niliiona bahasha mfukoni mwa shati lake, imelowa jasho. Kidonge kimoja mara tatu kwa siku huandikwa moja, alama ya mara, tatu. Ndivyo kila duka la dawa linavyoandika, na ndivyo kila mtu anavyosoma. Juu ya bahasha ile, kwa mwandiko ulionyooka kama mstari wa rula, palikuwa na tatu, alama ya mara, moja. Fundi ni mtu mtiifu. Alimeza vidonge vitatu kwa mpigo, asubuhi, kabla ya kula.

Niliichukua. Niko nayo hapa.

Nilikuwa kwenye kiti. Kazi yangu ilikuwa moja. Niliandika gazetini kwamba mkono usiojua unachokifanya hauna haki ya huruma, na sikuandika hata mstari mmoja kuhusu jicho linalojua na kutazama pengine.

Aprili 10

Fundi yuko salama. Nilimkuta wodini anamkosoa muuguzi mshono wa sare yake.

"Nimesoma vibaya," aliniambia kabla sijakaa. "Mwambie Daktari asijisumbue. Macho yangu haya, si ya kuaminiwa."

"Hukusoma vibaya, fundi."

Alipapasa shuka, akitafuta pindo lake, kama mtu anayeangalia kazi ya mwenzake.

"Bi Kiwembe, mtoto wangu wa kwanza alipona kwa mkono wa kaka yako. Usiniambie nimesoma nini. Nimesoma vibaya."

Hata yeye amejiweka kwenye kiti kirefu. Sasa tuko watatu.

Aprili 12

Nilimwonyesha kaka bahasha. Sikusema ni ya nani. Nilisema tu, "Hebu soma."

Alivaa miwani. "Tatu mara moja."

"Na kama daktari ametaka moja mara tatu?"

"Si sawa tu? Zidisha uone." Akanirudishia. "Tatu. Jibu ni lilelile."

Alisema kwa upole, kama alivyokuwa akinifundisha hesabu mezani kwa mama. Mtu huyu aliwahi kumfukuza msaidizi wake kwa kuweka nukta mahali pasipo pake.

Wifi alinifuata mpaka ngazini.

"Usimwambie."

"Wifi, nusura aue mtu."

"Sitabanduka tena. Jino liliniponza. Nitakaa pale hata nikifa, niwe nimekaa." Shavu lake bado lilikuwa limevimba. "Ukimtoa dukani umemzika. Huyu hana kingine. Hana hata tabia mbaya ya kumliwaza."

"Na ukiugua? Ukilala?"

"Basi andika," alisema. "Si ndiyo kazi yako? Andika gazetini, mtaje jina, asiguse mgonjwa tena maisha yake yote. Unadhani mimi sisomi?"

Wakati wote huu nilidhani anafungia chapati kwa safu yangu. Ameihifadhi kichwani, neno kwa neno, akingoja siku itakapomfikia mume wake.

Aprili 13

Mvua.

Aprili 15

Mhariri anataka makala. Nimemwambia naumwa. Amesema hajawahi kusikia nikiumwa, akauliza kama ni mbinu mpya. Nimekaa mbele ya karatasi nikaandika sentensi ya kwanza mara nyingi, na kila mara farasi niliyekuwa namtoa alikuwa na uso wa mtu. Sasa namwelewa yule daktari. Sisemi alikuwa sahihi. Nasema labda naye ana kaka.

Kafara, kaka aliniambia siku ile, hutolewa kuondoa balaa. Nimefikiria sana ni nani anayechinjwa. Kwenye ubao ni farasi wangu mwenyewe. Lakini tukinyamaza ili kaka abaki na koti lake jeupe, anayetolewa ni kila anayeingia akikung'uta mvua mlangoni.

Aprili 19

Mvua imekatika. Mtaa mzima umeanika magodoro.

Nilimkuta peke yake mwisho wa kaunta, ubao umeshapangwa. Wifi alikuwa kwenye kiti chake, akaniangalia ninavyofunga mlango na kugeuza kibao upande wa "Tumefunga". Hakunizuia.

"Kafara," kaka alisema. "Usinihurumie."

Nikatoa farasi. Akala. Kitunda changu kikaenda. Farasi wake wa kwanza kando ya mfalme. Kitunda changu cha pili kikaenda. Mkono wake ukaenda juu ya farasi wa pili, ukamgusa kichwani kwa kidole, ukamwacha. Akasukuma kitunda cha malkia.

Nikamla farasi. Nilimla polepole, kwa mara ya kwanza katika mchezo huu wa haraka. Kaka alitazama ile nyumba tupu. Kisha akabonyeza saa katikati, nyuso zote mbili zikasimama. Hajawahi kusimamisha saa.

"Umeshindaje?" akaniuliza.

"Nimeshindwa salama, ka—"

"Sikuamkii, mdogo wangu. Nakuuliza. Umeshindaje?"

Nilisikia kiti kirefu kikilia nyuma yangu.

Nimewaambia mawaziri ukweli. Nimemwambia mume wangu ukweli, naye akaondoka nao.

"Umesahau kumrudisha farasi kwanza," nikasema. "Umesukuma kitunda kabla."

"Nimeteleza."

"Hapana. Kila siku. Mwezi mzima sasa."

Alikuwa anahesabu, nadhani, au anatafuta mahali pa kuanzia kuhesabu.

"Na ile bahasha?"

"Ni yako. Fundi alimeza vitatu kwa mara moja."

"Fundi ndiye aliyeanguka." Alilisema kama mtu anayesoma jina kwenye chupa ya mbali. "Mimi nilimpa sukari."

"Ndiyo, kaka. Ulimwokoa."

"Nilimwokoa kutokana na mimi mwenyewe." Akamgeukia wifi. "Nawe unajua?"

Wifi alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo mlikuwa mnaniachia," kaka alisema. "Wote. Mnanipa farasi, mnanitazama nikila."

Nilitafuta neno. Nilichopata ni la kwake mwenyewe, nikalitumia, Mungu anisamehe: "Kaka, kurudi nyumbani si kushindwa."

Alivua koti. Alilikunja kwa mikunjo ileile ya kila jioni, mikono ndani, kola juu, akaliweka katikati ya ubao, juu ya kete zilizobaki, zikaanguka chini yake moja moja.

"Hiyo," alisema, "ni hatua ya farasi. Amerudi nyumbani."

Akapanda ngazi. Wifi alimfuata. Nilibaki dukani nikiokota vitunda sakafuni.

Aprili 20

Asubuhi kuna jua kali. Nilikwenda mapema kuandika tangazo la mlangoni. Sikuwa nimelala, lakini nilikuwa na wepesi fulani wa aibu, wa mtu aliyetua mzigo. Maisha yangu yote nimeamini kwamba ukweli ukishasemwa umesemwa. Ndiyo ilikuwa dini yangu, hata nilipoutetea kwa farasi wa bure.

Mlango wa duka ulikuwa wazi. Kaka alikuwa nyuma ya kaunta, amenyolewa, amevaa koti jeupe, anafuta trei ya kuhesabia vidonge na kupiga mluzi. Wifi alikuwa kwenye kiti chake kirefu, macho mekundu. Alinitikisia kichwa kidogo sana: hapana, hakumbuki.

"Umeshindaje, mdogo wangu?" kaka akaniuliza, uso umechanua. Salamu ya jioni, saa moja asubuhi. Naye hakusikia kosa.

Barazani fundi alikuwa ameshafika, nasikia cherehani inaanza. Mama mmoja alikuwa anavuka barabara kuja kwetu, mtoto mgongoni, cheti mkononi.

Niligeuza kibao. Nikafunga mlango kwa ndani. Nikavuta kiti mbele ya kaka yangu, nikauchukua mkono wake kutoka kwenye trei, nikaanza upya, kuanzia kwa farasi, kidogo kidogo, nikijua kwamba mchana nitalazimika kumwambia tena, na jioni tena. Moja mara tatu.